Irabu [ɶ]: tuache kuinyunyiza ovyo

Katika chati ya Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa, pembeni chini upande wa mbele, [a] imewekewa mwenzake wa midomo mviringo: [ɶ]. Katika mpango wa mwanafonetiki Daniel Jones ni irabu kadinali (irabu ya rejea ya kupimia nyingine) namba 12. Kwa maoni yangu, imo humo zaidi ili jozi ikamilike kuliko kwa kuwa lugha zinaidai.

Uadimu wake unatokana na mwili wenyewe. Taya likishuka sana, midomo huvutika na mviringo hulegea. Ukiikaza midomo, taya nalo hutaka kupanda. Jaribu mbele ya kioo: tamka [a] ya mbele kwa mfululizo, ncha ya ulimi ikigusa meno ya chini, kisha viringa midomo bila kusogeza kitu kingine. Taya likipanda, umetoa [œ], irabu viringe ya mbele iliyo juu yake kidogo. Ulimi ukiteleza nyuma, umetoa [ɒ], mwenzake wa nyuma, na kosa hili ni gumu kuligundua kwa sababu kioo hakilionyeshi. Kwenye spektrogramu (picha ya masafa ya sauti), formanti (mkanda wa masafa yenye nguvu) ya kwanza hubaki juu huku ya pili ikishuka. Ndiyo maana sikio huichanganya kwa urahisi na irabu za kati.

Mfano unaotajwa sana ni wa Kidenishi, neno grøn, "kijani". Lakini hapo [ɶ] ni sura ya irabu ya ø karibu na r, na mara nyingi haifiki chini kabisa. Ushahidi mzito zaidi ni lahaja ya Kibavaria (aina ya Kijerumani) ya Amstetten, Austria, inayoelezwa kuwa na irabu 13: nne za mbele zisizo viringe, nne za mbele viringe (ya chini kati yao ndiyo [ɶ]), nne za nyuma, na /a/ peke yake.

Kwa hiyo, kama lugha yako haina jozi za maneno zinazotenganisha [œ] na [ɶ], andika [œ̞], yaani œ yenye alama ya kushusha chini yake. Msomaji ataelewa ni irabu ipi na imeshuka kiasi gani.

Uchapaji nao una mtego wake. Katika Unikodi (orodha ya namba za herufi za kompyuta) ɶ ni U+0276, œ ni U+0153; katika X-SAMPA (njia ya kuandika alama za kifonetiki kwa kibodi ya kawaida) ni & na 9. Mhariri akigeuza maandishi kuwa herufi kubwa zilizopunguzwa kimo, œ hugeuka na kufanana na ɶ kabisa (asiyejua hatashtuka). Kabla ya kuchapa, kagua namba ya Unikodi, usiamini umbo.