Aliyevuta triga ndo ajibu

Wiki iliyopita ndege yetu ilichelewa masaa matano, nikajikuta nimekaa na jamaa mmoja mgeni, mtu mzima, mpole, anaongea vizuri tu. Akaanza kunisimulia kwamba ametoka kuwinda na anarudi kwao mikono mitupu kwa sababu maafisa wa wanyamapori wamezuia fuvu na ngozi ya simba wake. Wamesema simba alikuwa mdogo. Yeye anasema kalipa kila kitu, leseni anayo, vibali anavyo, mwongozaji alimwambia piga akapiga, sasa kosa lake yeye ni lipi? Hilo neno alilirudia mara nne hivi, mwongozaji aliniambia piga. Pale nilinyamaza kwa sababu alikuwa amechoka na mimi nilikuwa nimechoka, lakini sijalala vizuri tangu siku hiyo, kwa hiyo naliandika hapa.

Hivi simba mdogo maana yake nini? Tanzania kanuni zinataka simba anayepigwa awe dume wa miaka sita na kuendelea, na kule Niassa, Msumbiji, wana utaratibu wa namna hiyohiyo. Watu wanadhani ni urasimu wa mtu wa ofisini anayependa kusumbua wageni. Hapana jamani. Dume mwenye familia akiuawa, madume wengine wanaingia, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kuua watoto wote wadogo ili majike wapate joto tena mapema. Yaani risasi moja inaondoka na simba watano sita na kwenye leseni anaandikwa mmoja tu. Akiachwa mpaka afike miaka sita, angalau ana nafasi ya kuwa amekuza watoto wake wa kwanza wakaweza kukimbia. Hiyo ndo hesabu yote.

Na umri unaonekana. Hapa ndo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu yule jamaa alisema ah, porini huwezi kujua. Unaweza! Bamdogo wangu alikuwa bwana nyama, yaani askari wa wanyamapori, miaka mingi kwenye pori la akiba, sisi watoto alitufundisha kwa kuchora chini kwa kijiti. Pua ya simba mchanga ni ya waridi, halafu yanaanza madoa meusi kama mtu kamwagia wino, akifika miaka mitano sita nusu ya pua au zaidi imeshakuwa nyeusi, inatofautiana kidogo pori na pori lakini ukiwa na darubini unaiona. Unaangalia na manyoya ya shingo yamejaa vipi, makovu usoni, mdomo umelegea au bado umekaza, meno yamelika au bado meupe. Halafu mwindaji wa simba hakutani naye ghafla barabarani, anatundikiwa chambo juu ya mti, anajengewa kibanda cha kujificha, anakaa humo alfajiri na jioni siku nyingi, siku hizi wanafunga na kamera pale kwenye chambo wanapata picha za usiku kucha. Huyo mtu ana muda wa kuangalia pua. Na akishapiga, fuvu linakaguliwa, meno yanapigwa eksirei, ule uwazi ulioko ndani ya jino unazidi kuziba kadiri simba anavyozeeka. Kwa hiyo afisa akikwambia huyu mdogo, mara nyingi ana jino mkononi, sio hisia.

Bamdogo alitusimulia mara moja tu habari ya asubuhi moja kwenye kibanda. Walikuwa watatu, mgeni, mwindaji bingwa wake, yaani huyo mwongozaji, na yeye. Akaja dume kijana kwenye chambo. Bamdogo akaangalia kwa darubini akasema kwa sauti ya chini, huyu hapana, pua yake bado. Mwindaji bingwa akamnong'oneza mgeni maneno marefu kuliko hayo, mgeni akatikisa kichwa, akapiga. Jioni ile kambini hakuna aliyemsemesha. Na ndo kambi yao, chakula chao, hema lao, gari lao ndo litakalomrudisha kituoni na kituo kiko mbali, redio ya mawasiliano ni yao. Hata hivyo aliandika. Aliandika ukweli, tarehe, namba ya leseni, na kwamba alikataza kabla ya risasi. Mwezi haukuisha akahamishiwa getini, kazi yake ikawa kuinua na kushusha kizuizi, na pale ndo alipostaafia. Yule mgeni hakuwahi kuulizwa kitu.

Ndo maana nikisikia mwongozaji aliniambia piga, najua kulikuwa na mtu mwingine pembeni aliyesema usipige.

Wengi mnamkumbuka Walter Palmer, daktari wa meno wa Minnesota. Julai 2015, nje kidogo ya mpaka wa Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, akampiga mshale simba Cecil, mwenye miaka 13, shingoni ana kola, ukanda wenye kifaa cha kumfuatilia, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, mshale haukummaliza, wakamfuata wakammalizia masaa mengi baadaye. Watu walipokuja juu dunia nzima akatoa tamko, na tamko lenyewe lilikuwa kwamba aliwategemea waongozaji wenyeji wahakikishe uwindaji ni halali na kwamba hakujua simba yule ana kola au anafanyiwa utafiti. Mamlaka ya hifadhi ya Zimbabwe yenyewe ilisema shamba alikouliwa halikuwa na mgawo wa simba, yaani idadi inayoruhusiwa kuwindwa, mwaka ule. Oktoba waziri akasema makaratasi ya Palmer yalikuwa sawa, hashtakiwi. Mwindaji bingwa wake, Theo Bronkhorst, ndo aliyeburuzwa kortini, na Novemba 2016 Mahakama Kuu ikayatupa mashtaka. Sasa nani alijibu? Mgeni anasema muulizeni mwongozaji, mwongozaji anasema sheria haikusema hivyo, na simba ameshachunwa.

Halafu huyu hakuwa mtu asiyejua mipaka ni nini. Mwaka 2008 alikiri mbele ya mahakama ya kwao kwamba alimdanganya afisa wa serikali kuhusu dubu mweusi aliyempiga Wisconsin nje ya eneo aliloruhusiwa. Kwao walimbana, yeye mwenyewe kwa jina lake. Kwa nini akivuka bahari jukumu libaki kwa mwongozaji?

Hata sheria za kwao hazikubali huo utetezi. Wamarekani wana Lacey Act, ya mwaka 1900, inayofanya kuwa kosa kuingiza Marekani mnyama aliyepatikana kwa kuvunja sheria ya nchi nyingine, na haisubiri mpaka ithibitike kwamba ulijua kwa uhakika. Inatosha kwamba ungekuwa makini kama inavyotakiwa ungejua. Ungekuwa makini! Hilo ndo neno ninalolitaka liandikwe kwenye kila leseni ya uwindaji inayotolewa kwa mgeni, kwa lugha yake, asaini chini. Mtu anayeweza kulinganisha bunduki kumi kabla ya kununua moja, anayejua uzito wa risasi na kasi yake, anaweza pia kusoma kurasa chache za kanuni za nchi anayokwenda kuua mnyama.

Najua nitaambiwa kuna wageni wanaodanganywa kweli. Haya, wapo, nakubali. Mwaka 2014 Marekani iliwafungulia mashtaka ndugu wawili wa Afrika Kusini, akina Groenewald, kwa tuhuma kwamba waliwauzia Wamarekani uwindaji wa faru kwa kuwaambia ni faru wasumbufu wanaopaswa kuuawa, hati ya mashtaka inataja safari 11, watu walilipa kati ya dola 3,500 na 15,000, kisha pembe zikabaki nyuma zikauzwa kwa magendo. Wawindaji wakahesabiwa kuwa waathirika. Sawa. Lakini mtu anakuuzia faru, mnyama anayejulikana dunia nzima kwamba anaisha, halafu anakwambia pembe huwezi kuondoka nayo, na wewe huulizi kwa nini? Mimi ningeuliza. Mtoto angeuliza.

Na kuna maafisa wanaotafuta hela, wanaozuia bunduki uwanja wa ndege mpaka watolewe kitu kidogo. Wapo, ni wezi, wafukuzwe. Hilo halimgeuzi simba wa miaka mitatu kuwa wa sita.

Kinachoniuma zaidi ni kijana wa kijijini. Tanzania mtu akikutwa na nyama ya porini au kipande cha ngozi bila kibali, hiyo ni nyara ya serikali, na kifungo cha miaka 20 kimeshatolewa mara nyingi tu, magazeti yanaandika. Huyo akisema mahakamani kuna mtu aliniambia niibebe, nani anamsikiliza? Hakimu anamuuliza ulikutwa nayo au hukukutwa nayo. Sisemi asiadhibiwe, ujangili umetumaliza, tembo wametuishia mbele ya macho yetu. Nasema kipimo kiwe kimoja. Kama kwa mwenye miguu peku tunauliza ulikutwa na nini, basi na kwa aliyekuja na ndege tuulize ulipiga nini, tusianze kwa kumuuliza mwongozaji wako ni nani.

Botswana mwaka 2019, mwaka uleule waliofungua tena uwindaji walioufunga 2014, wawindaji bingwa wawili walihusika na kuuawa kwa tembo dume mwenye kola ya utafiti, kola ikaharibiwa. Serikali ikachukua leseni zao. Vizuri, nilifurahi, nilimpigia mpaka binamu yangu simu. Tofautisha na 2017, Xanda, mtoto wa Cecil, alipopigwa nje ya Hwange, naye ana kola: yule mwindaji bingwa aliirudisha kola kwa watafiti, na simba alikuwa ameshafika umri. Inauma ileile, mimi nililia, lakini huyo huwezi kusema alikimbia kitu. Kwa hiyo tabia nzuri inawezekana, watu wakiamua.

Tunachohitaji sio sheria nyingi zaidi. Bwana nyama awe na gari lake, redio yake, hema lake na posho inayolipwa na serikali kwa wakati, asile kwenye sahani ya mtu anayetakiwa kumkagua, asingoje bakshishi ya mwisho wa safari kutoka kwa mtu ambaye jana alitakiwa kumwambia hapana. Akisema hapana, iwe hapana, na risasi ikipigwa baada ya hapo ihesabiwe ujangili papo hapo, bunduki ibaki, pasipoti ibaki, mgeni asimame kizimbani kwa jina lake kama mtu mwingine yeyote. Na jina hilo lipelekwe kwenye kila nchi inayotoa leseni, maana leo ukifukuzwa pori moja mwakani unaonekana la jirani na kofia ileile.

Najua vitalu vya uwindaji vinaingiza fedha na yapo mapori yasingekuwepo bila fedha hizo, yangeshakuwa mashamba. Sibishi. Ila fedha hizo zinamlipa nani kama haziwezi kumlinda mtu mmoja aliyekaa kibandani na darubini?

Tukirudi kwa yule jamaa. Kabla hatujaitwa kupanda nilimuuliza swali moja tu. Nilimuuliza, yule askari aliyekuwa na nyinyi, aliyeandika ripoti, anaitwa nani? Akafikiri. Alikuwa amekaa kule siku 21, kambi moja, gari moja, kibanda kimoja. Akaniambia alikuwa mtu mwembamba, mkimya, anavaa sweta la kijani. Jina hakulijua.