Mzabibu wa Miaka 52 na Mihogo ya Mama

Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Lancaster, Pennsylvania, aliniita nikamsaidie kuchuma zabibu. Ni bibi wa Kimennonite, mjane wa mwalimu, na maisha yake yote ameyamaliza shambani. Tunajuana kutoka kanisani. Siku ya Meza ya Bwana wanawake huoshana miguu, na mara ya kwanza nilipoishika ya kwake nilikutana na magaga yaleyale ya mama yangu. Tangu hapo nikampenda.

Tulipokuwa tunajaza ndoo ya tatu akaupapasa mti na kusema, "Huu niliupanda mwaka nilioolewa." Nikahesabu: miaka 52. Ikabidi niinamie ndoo ili asione machozi yangu.

Mama yangu naye aliolewa na mwalimu. Aliolewa mkoani Mara, katika Kanisa la Mennonite lilelile lililoanzia Shirati mwaka 1934, likiletwa na wamisionari waliotumwa kutoka huku huku Lancaster. Bibi huyu na mama wameimba nyimbo zilezile, wameamka gizani vilevile, mmoja akienda kukamua ng'ombe na mwingine akitangulia shambani na jembe kabla baba hajaenda kupiga kengele ya shule. Mshahara wa mwalimu haukutosha huku, na kwetu mnajua wenyewe. Nyumba zote mbili zililishwa na mwanamke.

Tofauti ni moja tu, nayo ndiyo inayoniuma: huyu hakuhamishwa.

Mama alilima katika shule tano. Kila tulipofika aliomba kipande nyuma ya nyumba ya mwalimu, akang'oa visiki, akapanda mihogo, mtama na viazi vitamu. Mihogo inataka mwaka mzima na zaidi. Barua ya uhamisho haiulizi mihogo imefikia wapi. Ilikuja mara nne, na kila mara mama alikata pingili za mihogo, akazifunga mafungu kwa kamba za katani, akazipandisha kwenye lori juu ya magodoro. Iliyobaki ardhini ililiwa na mke wa mwalimu aliyefuata. Fedha za uhamisho alizidai baba, maana barua iliandikwa jina lake. Shamba la mama halikuwamo kwenye fomu yoyote.

Nasikia tayari: "Huyu kesha kuwa Mzungu, anakuja kutuonyesha zabibu." Ndugu yangu, sijasema wao ni watu bora. Wazee wa hawa Wamennonite walifukuzwa Uswisi kwa ajili ya imani yao, wakanyang'anywa mashamba, na walipofika hapa mwaka 1710 waliishika ardhi kama mtu aliyenusurika kuzama anavyoshika gogo. Na ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Desemba 1763 Wakonestoga 20, wenyeji wa asili wa hapa, waliuawa katika eneo hili na genge la walowezi, wakiwemo watoto. Wamennonite hawakushika silaha hizo, lakini wanalima palepale. Mzabibu wa bibi umeota juu ya habari hiyo na sitaificha ili hoja yangu ipendeze.

Mwingine atasema mwalimu ni mtumishi wa umma, lazima aende anakopelekwa. Sawa! Bila walimu waliokubali kwenda, nani angenifundisha kusoma? Baba alikwenda vijiji ambavyo wengine walivikataa na najivunia hilo mpaka kesho. Ninachouliza ni kwa nini gharama ya uzalendo ule ilichukuliwa kwenye mgongo wa mtu ambaye hakuajiriwa. Mnaniambia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Naijua. Baba alipostaafu tulirudi kwao, tukakuta kikao cha ukoo kimeshagawa mashamba, na mama akaambiwa kwa upole kabisa, "Shemeji, wewe ni mke wa mwalimu, unataka shamba la nini?"

Mwanamke aliyelima miaka 30!

Bibi wa hapa ana chupa za juisi ya zabibu chini ya nyumba, kila kifuniko kimeandikwa mwaka kwa mkono wake. Mama hana hata chupa moja ya kuonyesha. Hata jina alipewa la kazi ya mtu mwingine: Mama Mwalimu. Hakuwahi kushika chaki.

Jioni ile nilimpigia simu Musoma nikamsimulia mzabibu. Alifurahi kweli, akauliza unapogolewa mwezi gani na nani atautunza bibi akichoka. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, kwamba katika ile shule ya kwanza aliacha mche wa mwembe karibu na kisima. Ameambiwa umekuwa mti mkubwa na watoto wa shule wanauita mwembe wa Mama Mwalimu.

Nikamwuliza kama aliwahi kurudi akala hata embe moja.

"Nikifika pale, mwanangu, nifikie kwa nani?"