Ford, Chevrolet au Ram: sifa ni ya nembo au ya injini?

Ford hujigamba kwamba pikapu zake za F-Series zimeongoza mauzo ya pikapu Marekani kila mwaka tangu 1977. Ni kweli, ila hesabu yenyewe ina ujanja kidogo. General Motors (GM) huuza pikapu ile ile kwa nembo mbili, Chevrolet Silverado na GMC Sierra, na kila nembo huhesabiwa kivyake. Zikijumlishwa, ipo miaka ambayo GM huipita Ford. Ram nayo iliiacha Silverado nyuma mwaka 2019.

Kubishana nani anauza zaidi ni rahisi kuliko kubishana nani anaunda gari bora. Ukifungua injini zenyewe unaona kwamba sifa ya pikapu hizi, njema au mbaya, hukaa kwenye injini fulani ya miaka fulani, wala haifuati nembo kwa uaminifu.

Chukua V8 ya GM, yaani injini ya silinda nane, ya lita 5.3. Kuanzia Silverado za 2007, ili kubana petroli, iliwekewa mfumo wa kuzima silinda nne, namba 1, 4, 6 na 7, gari linapokwenda bila mzigo mkubwa. Kazi hiyo hufanywa na tapeti, vifaa vinavyosukuma valvu zifunguke, za aina maalumu zenye pini ndani, zinazoendeshwa kwa presha ya oili. Oili ikichafuka au ikipungua, pini hukwama na pushrodi, fimbo inayosukumwa na tapeti, hupinda, au rola ya tapeti huacha kuzunguka ikaanza kuisaga kemshafti, shafti inayoziendesha tapeti. Tapeti zimejificha chini ya silinda hedi, kwa hiyo kubadilisha hata moja ni lazima hedi ing'olewe. Bei ya spea si kitu. Kinachoumiza ni saa za fundi.

Shabiki wa Ram asicheke. Hemi, V8 ya lita 5.7 kwenye Ram 1500 nyingi, ina mfumo wa aina hiyo hiyo, unaozima silinda zile zile nne, nayo inajulikana kwa tapeti kula kemshafti. Tena ina mlio mwingine unaochanganya watu: bolti za manifodi ya egzosi hukatika, gesi ikavuja kwa sauti ya tik-tik. Mlio wa egzosi kwa kawaida hufifia chuma kikipata moto na kutanuka. Ukiendelea injini ikiwa moto kabisa, shuku tapeti.

Ford haikusalimika, ila iliumwa kwingine. Kwenye V8 ya lita 5.4 yenye valvu tatu kwa silinda, iliyofungwa kwenye F-150 za 2004 hadi 2010, presha ya oili hushuka injini ikiwa moto na gari limesimama, na vifaa vinavyogeuza taimingi ya kemshafti huanza kugonga. Plagi zake za mwanzo ziliundwa kwa vipande viwili, na kipande cha chini hubaki ndani ya hedi fundi akizifungua kwa pupa. Njia salama ni kulegeza sehemu ndogo tu ya mzunguko, kumwagia dawa ya kusafishia kabureta, kusubiri robo saa au zaidi, kisha kuzungusha mbele na nyuma polepole.

Kwenye dizeli mambo yanachekesha zaidi. Ram inasifiwa kwa Cummins, injini ya kampuni nyingine kabisa yenye makao Columbus, Indiana. Duramax, dizeli ya GM, ilizaliwa kwa ubia na Isuzu, hiyo hiyo inayojulikana sana Nairobi na Dar es Salaam. Power Stroke ya lita 6.0, iliyoiharibia Ford jina kwa gasketi za hedi na vipoza oili vilivyoziba, iliundwa na kampuni nyingine, Navistar. Halafu mwaka 2013 Ford na GM zilikubaliana kubuni pamoja gia boksi za otomatiki za gia 9 na 10. Ile ya gia 10 iliingia F-150 za 2017 na Silverado za 2019. Mahasimu wanaotambiana kwenye taa za barabarani huenda wanabadilisha gia zilizochorwa kwenye meza moja.

Je, nembo haina maana basi? Hapo watetezi wake wana hoja, kwa sababu kampuni ndiyo inayoamua la kufanya mambo yakiharibika. Ford iliachana na Navistar na kuanzia modeli za 2011 ikaunda dizeli yake ya lita 6.7. GM, mwezi Aprili 2025, iliita yarudishwe kukaguliwa karibu magari 600,000 Marekani yenye V8 ya lita 6.2 ya 2021 hadi 2024, kwa kasoro za krenki na konrodi. Injini inayoanguka ukaguzi hutengenezwa au hubadilishwa. Inayofaulu huwekewa oili nzito zaidi, 0W-40 badala ya 0W-20. Hilo la oili halijaniridhisha, lakini angalau mwenye gari ana mlango wa kubisha hodi.

Na sifa ni pesa hata isipolingana na takwimu. Ram iliitoa Hemi kwenye Ram 1500 ya 2025 na kuweka Hurricane, silinda 6 za mstari, lita 3.0, turbo mbili. Hurricane ya kawaida ina nguvu farasi 420, Hemi 395. Wateja walinung'unika hata hivyo, na Juni 2025 kampuni ikatangaza kuirudisha Hemi kwa modeli ya 2026.

Matangazo yapuuze. Mwaka 2016 Chevrolet kwenye tangazo lake iliangusha matofali kwenye bodi ya mizigo ya alumini ya F-150 ikatoboka, huku ya kwake ya chuma ikibonyea tu. Silverado ya 2019 ilipotoka, milango na boneti vilikuwa vya alumini.

Anayenunua iliyotumika aanze na aina ya injini na mwaka, kisha aingize namba ya chasisi, tarakimu na herufi 17, kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama wa magari ya Marekani, kuona kama kuna matengenezo ya bure yanayosubiri. Aombe kuwasha injini ikiwa baridi. EcoBoost, injini ya turbo ya lita 3.5 ya F-150 za 2017 hadi 2020 hukwaruza sekunde chache tu inapowashwa asubuhi, wakati ile 5.4 hugonga ikishapata moto. Muuzaji akilileta gari likiwa tayari limepashwa, rudi kesho yake alfajiri.