Stika nyekundu kwenye tundu la laini inathibitisha nini?

Simu ina miezi minne tangu inunuliwe. Kamera ya nyuma imeanza kutikisika yenyewe na kutoa mlio mdogo, picha hazitulii. Mwenye simu anaipeleka kituo cha huduma akiwa na risiti na kadi ya dhamana. Anayepokea anachomoa trei ya laini, anamulika ndani kwa tochi, anaona doa jekundu lisilozidi punje ya mchele, na mazungumzo yanaishia hapo: "Hii imeingia maji, waranti hakuna." Simu haijafunguliwa. Kamera haijaguswa.

Doa lile ni stika ya kuonyesha maji. Watengenezaji wakubwa wa simu huibandika, na masharti ya dhamana zao husema wazi kwamba uharibifu wa maji haumo, hata kwa simu iliyotangazwa kuwa inahimili maji. Kwa hiyo anayekataa ana sharti la kusimamia. Linalobishaniwa ni kama stika peke yake inatosha kuonyesha kwamba sharti hilo limevunjwa. Wanaosema inatosha wana hoja, na haki ni kuanza nazo.

Maji huiua simu polepole. Ikishalowa, betri inaendelea kupeleka umeme kwenye bodi, yaani sahani inayobeba saketi za simu, na umeme ukipita kwenye tone lenye chumvi hula shaba ya saketi kidogo kidogo. Simu inaweza kufanya kazi wiki mbili au tatu ndipo izime, na mwenyewe ameshasahau siku mtoto alipoimwagia juisi. Fundi wa kituo huona kutu ya kijani ndani ya simu ambayo mwenyewe anaapa haijawahi kuguswa na maji, na si kila mara mwenyewe anadanganya. Wengine kweli hawakumbuki. Kuna na suala la fedha. Kazi ya dhamana hailipwi na mteja. Kituo hudai kwa mtengenezaji kikiambatanisha picha, na dai lenye picha ya stika nyekundu ni rahisi kukataliwa. Gharama ya bodi mpya inabaki mikononi mwa kituo. Tena bodi yenye kutu ikitengenezwa leo, mwezi ujao huharibika mahali pengine, na lawama hurudi kwa fundi yuleyule.

Hoja hizi zote ni za kweli, lakini zinahusu maji yaliyofika kwenye bodi. Stika ya tundu la laini ipo mlangoni.

Itazame kwa karibu. Juu ni karatasi nyeupe, chini yake kuna rangi nyekundu inayoyeyuka kwenye maji. Maji yakiigusa, karatasi huyafyonza, rangi hupanda juu, na haigeuki tena kuwa nyeupe. Haipimi maji yalikuwa kiasi gani. Haionyeshi yaliingia siku gani, wala kama yalisonga mbele au yaliishia pale pale. Tone la jasho na kuzama kwenye ndoo hutoa rangi ileile. Na huku kwetu tundu la laini hufunguliwa mara nyingi kuliko wabunifu wa simu wanavyodhani: laini hii ina bando nafuu, ile ina pesa, nyingine haina mtandao kijijini. Trei inachomolewa kwa vidole vyenye jasho ndani ya daladala, mpira mwembamba unaoizunguka unachakaa, na stika iko hatua moja tu nyuma yake.

Halafu kuna hewa yenyewe, na hapa ndipo wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja wanapoonewa zaidi. Hewa ya nyuzi joto 32 yenye unyevu wa asilimia 70, ambayo pwani ni mchana wa kawaida wa Machi, huanza kutonesha maji kwenye kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 26 hivi. Simu iliyokaa saa nzima kwenye ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 20, au mbele ya tundu la kiyoyozi cha gari, iko chini ya kiwango hicho. Mwenyewe akitoka nje, umande unatanda juu ya kioo na pembeni mwa chuma, kama unavyotanda kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Anafuta kioo kwa shati. Umande ulioingia pembezoni mwa trei hakuna anayeufuta. Jambo hilo likirudiwa kila siku ya kazi kwa miezi minne, stika inaweza kugeuka ya waridi bila simu kuanguka majini hata mara moja.

Hili limeshafikishwa mahakamani. Mwaka 2013 huko Marekani, Apple ilikubali kulipa dola milioni 53 kumaliza kesi ya pamoja ya wenye iPhone na iPod touch waliokataliwa dhamana kwa sababu ya stika hizo, bila kukiri kosa. Katika makubaliano hayo imo kauli ya mwakilishi wa 3M, kampuni iliyotengeneza karatasi yenyewe, kwamba unyevu wa hewa, bila kuguswa na maji, ungeweza kuifanya igeuke angalau kuwa ya waridi. Kauli hiyo ni ya mtengenezaji wa kipimo, akieleza mpaka wa kipimo chake. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10, kwa kutangaza simu zinazohimili maji bila kueleza vizuri kwamba vipimo vilifanywa kwenye maji safi yaliyotulia maabara, huku wateja wakinyimwa dhamana mara maji yanapotajwa.

Makampuni yana jibu, nalo si dogo. Yanasema stika imeundwa isigeuke rangi kwa unyevu ulio ndani ya kiwango cha matumizi, na kwamba kiwango chenyewe, kwa iPhone kwa mfano, ni unyevu wa asilimia 5 hadi 95 usiotonesha maji. Neno "usiotonesha" ndilo linalobeba mzigo wote: umande upo nje ya kiwango, na hasara yake ni ya mteja. Kimaandishi wako sahihi. Lakini simu hiyo imeuzwa Dar es Salaam, na duka la Dar es Salaam, kwa mtu anayeishi Dar es Salaam. Simu isiyostahimili kutoka benki yenye kiyoyozi hadi Barabara ya Samora ni vigumu kuiita simu inayofaa kwa kazi iliyonunuliwa.

Hapo sheria inaingia, na wengi hawaijui. Dhamana ya mtengenezaji ni ahadi ya ziada. Chini yake kuna mkataba na aliyekuuzia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo Tanzania ni Sura ya 214 na Kenya ni Sura ya 31 (kifungu cha 16), inaweka masharti ya ubora na kufaa kwa matumizi hata kama hayakuandikwa kwenye risiti. Kenya imeongeza Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Muuzaji anayesema "nenda kituo cha huduma, sisi haituhusu" anakwepa wajibu wake. Hata simu iliyoletwa kutoka Dubai, ambayo kituo kinaweza kuikataa kwa haki kwa kuwa IMEI yake (namba ya utambulisho wa simu) ni ya soko jingine, haimwondolei wajibu mwenye duka aliyesema kwa mdomo wake kwamba ina waranti ya mwaka.

Basi ushahidi unaostahili kudaiwa ni upi? Ni mpangilio wa maji ndani ya simu, na uhusiano wake na ubovu. Simu nyingi zina stika nyingine ndani, kwenye bodi na karibu na betri. Ya mlangoni ikiwa nyekundu na za ndani zikiwa nyeupe, maji hayakupita. Chini ya hadubini, maji yaliyofika kwenye bodi huacha ukoko mweupe au wa kijani kwenye miguu ya konekta na pembeni mwa kava za chuma. Bodi safi inang'aa. Kwa simu iliyozima kabisa, fundi huiunganisha kwenye pawa saplai, kifaa kinachoilisha umeme na kuonyesha inavuta kiasi gani: bodi isiyo na ubovu haivuti umeme wa maana kabla kitufe hakijabonyezwa. Ikivuta mamia ya miliampia papo hapo, kuna shoti, na tone la spiriti juu ya bodi huonyesha ilipo kwa kukauka kwanza pale panapopata moto. Shoti ikiwa katikati ya kutu, kituo kimeshinda. Ikiwa mahali pasafi, ni kipuri kilichokufa chenyewe. Na kutu ndogo kwenye tundu la chaji, chini ya simu, haielezi kamera inayotikisika huku juu.

Kwa hiyo kazi ya mteja huanza kabla ya kukabidhi simu. Bonyeza *#06# uandike IMEI. Chomoa trei, piga picha ya tundu ukimulika kwa tochi ya simu nyingine, ili rangi ya siku hiyo ijulikane. Rekodi video ya ubovu ukitokea. Hifadhi nakala ya picha na namba zako, maana bodi ikibadilishwa kila kitu kinapotea. Usiipeleke kwanza kwa fundi wa mtaani "aangalie tu": gundi ya kuzuia maji ikishabanduliwa, kituo kinapata sababu ya pili ya kukataa, na hiyo ni ngumu kuibomoa. Kwenye fomu ya kupokelea simu, hakikisha tatizo limeandikwa kama lilivyo ("kamera ya nyuma inatikisika"), na hali ya kioo na pembe za simu imetajwa.

Ukikataliwa, omba mambo matatu kwa maandishi: ni kipuri gani kimeharibika, maji yameonekana wapi, na picha za bodi. Omba ifunguliwe mbele yako ikiwa haijafunguliwa. Kituo kilichofanya uchunguzi wa kweli kinazo picha tayari. Kinazihitaji kwa dai lake kwa mtengenezaji. Kama picha zinaonyesha ukoko kwenye konekta ya kipuri kilichokufa, kubali na uulize bei. Kama picha ni moja tu, ya tundu la laini, andika barua kwa muuzaji, ambatanisha risiti ya kodi (ya EFD kwa Tanzania, ya eTIMS kwa Kenya), eleza ubovu, taja sheria, na umpe siku 14 atengeneze, abadilishe au arudishe fedha. Asipojibu, Tanzania malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Kenya ni Mamlaka ya Ushindani, au Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Kwa simu ya bei ndogo, nauli na siku za kazi zilizopotea zinaweza kuzidi thamani yake, na wengi wataishia kwenye barua. Usiidharau barua hiyo: stika isiyo na picha ya bodi ni vigumu kuitetea mbele ya tume au hakimu, na muuzaji mzoefu analijua hilo.

Jambo la mwisho ni fomu ya kuchukulia simu. Nyingine huwa na mstari uliochapwa tayari unaosema mteja amekubali matokeo ya uchunguzi. Usitie sahihi hivi hivi, wala usiiache simu yako huko kwa sababu ya mstari huo. Andika kwa mkono, juu ya sahihi yako: "Nimepokea simu. Sikubali sababu ya kukataliwa." Kama umetozwa ada ya uchunguzi, ongeza: "Ada nimelipa ili nipewe simu yangu." Weka tarehe, kisha piga picha ya fomu nzima kabla hujairudisha kaunta.