Anayepanga Volteji kwa Mkono Si Mzembe

Miongoni mwa wanaoiongezea prosesa kasi kupita kiwango cha kiwandani kuna ubishi usioisha: volteji uiachie bodi ya kompyuta iamue, au uipange mwenyewe kwenye BIOS, programu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta? Anayeipanga mwenyewe huonekana mtu wa kucheza na moto; anayeacha neno "Auto" pale lilipo huhesabiwa mwangalifu. Kwa maoni yangu lawama hiyo imemwangukia asiyestahili.

Tazama hesabu. Umeme unaoliwa na transista zikiwaka na kuzima huongezeka kwa uwiano wa kasi, lakini kwa volteji huongezeka kwa mraba wake. Chukua prosesa inayokwenda gigahezi 5.0 kwa volti 1.25. Uipandishe hadi gigahezi 5.2, nayo bodi iipe volti 1.40. Kasi imepanda asilimia 4, volteji asilimia 12. Zidisha 1.12 kwa 1.12 unapata takriban 1.25, tia na ile kasi, ulaji wa umeme umepanda kiasi cha asilimia 30. Asilimia 30 ya joto kwa asilimia 4 ya kasi! Tena hapo umeme unaovuja haujaguswa, nao huzidi volteji na joto vinapozidi. Sasa tuseme prosesa ileile ingeweza kushika gigahezi 5.2 kwa volti 1.32. Ongezeko lingekuwa kama asilimia 16 tu. Volti 0.08, tarakimu ambayo wengi hawaigeuzii hata jicho, imepunguza karibu nusu ya mzigo wa ziada.

Nani atazitafuta hizo 0.08? Bodi haizitafuti. Imeundwa ipokee prosesa yoyote ya aina ile, nzuri na dhaifu, na hata zilizokatwa kwenye kaki moja ya silikoni hazilingani. Mtengenezaji anachohofia zaidi ni kompyuta kuganda mbele ya mteja, kwa hiyo huweka akiba nono. Ukipandisha kizidishi, ile namba inayoamua kasi ya prosesa, ukaacha Auto, bodi nyingi hujaza volteji bila kukuuliza.

Mifano ipo. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000, hasa za X3D, ziliungua zikiwa kwenye soketi. AMD ikatoa masasisho ya BIOS ya kuzuia volteji ya SoC, sehemu ya prosesa inayohudumia memori, isipite volti 1.3, kwa kuwa bodi zilikuwa zikiipandisha zenyewe mtumiaji anapowasha tu profaili ya kasi ya memori. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Intel: prosesa za kizazi cha 13 na 14 ziliyumba hata kwa watu wasiowahi kugusa mpangilio wowote, na kampuni ikakiri kwamba maikrokodi yake, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa, ilikuwa ikiomba volteji kubwa mno. Sasisho la 0x129 la Agosti 2024 liliweka kikomo cha volti 1.55, lakini prosesa iliyokwisha kudhurika haikuponywa nalo. Wengi wao walikuwa wameamini Auto.

Wanaoitetea Auto nao wana hoja. Volteji iliyofungwa mahali pamoja hubaki juu hata kompyuta ikiwa haina kazi. Prosesa za siku hizi hujipandisha zenyewe hadi karibu na ukomo wao, kwa hiyo faida iliyobaki ni ndogo. Na anayeshusha mno anaweza kupita jaribio la saa nzima, kisha faili zikaharibika kimyakimya baada ya wiki. Hilo ni baya kuliko kuganda. Hoja ya kwanza, hata hivyo, inailenga volteji iliyofungwa tu. Ukitumia ofseti, yaani kupunguza kiasi fulani kutoka kile ambacho prosesa inaomba, volteji huendelea kupanda na kushuka pamoja na kazi.

Kosa linalowaponza kweli wanaotumia mkono ni kusoma namba isiyo yake. VID ni volteji inayoombwa. Vcore ndiyo inayofika. Mzigo ukiingia, Vcore hushuka, na LLC, mpangilio wa BIOS wenye madaraja, ipo ili kuufidia mshuko huo. Wapo wanaoiweka LLC kwenye daraja la juu kabisa ili namba isitikisike kwenye skrini. Mzigo unapokatika ghafla, volteji huruka juu kwa muda mfupi ambao programu za kupimia haziuoni. Mshuko mdogo ni kinga; daraja la kati linatosha.

Usiniulize volti ngapi ni salama. Volti 1.40 kwenye kiini kimoja cha prosesa chenye kazi nyepesi si sawa na 1.40 viini vyote vikivuta mkondo mkubwa kwenye nyuzijoto 95, kwani kinachozila nyaya za ndani ni mkondo na joto pamoja na volteji. Asiyegusa kasi aache Auto na asasishe BIOS. Aliyekwisha kupandisha kizidishi aweke kwanza kikomo cha wati na cha joto, kisha ashushe volteji hatua kwa hatua, na kompyuta ikiyumba arudi hatua moja au mbili juu.