Munganga wa Bukavu, mkalimani wa Louisville

Mama alipolazwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa ajili ya tansio, yaani presha, nusura atoroke usiku. Dada yangu ndiye aliyenisimulia kwa simu, mimi nikiwa Louisville, Kentucky, nimekaa garini nje ya kazi. Asubuhi hiyo daktari alipita vitandani na wanafunzi wake watano, wote blauzi nyeupe. Alifungua fichi ya Mama, akazungumza nao Kifaransa, na Mama akanasa maneno mawili tu: "on augmente." Hayo anayajua vizuri. Ameuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu zaidi ya miaka 20, na muuzaji wa jumla akisema "on augmente" basi bei imepanda. Kwa hiyo Mama akajua bili ya hospitali inapandishwa. Kwetu asiyelipa hatoki. Akina mama waliojifungua hukaa wodini wiki nzima na vichanga vyao wakingoja ndugu wachangishane. Akamtuma dada amletee kitenge na viatu, akavificha chini ya mto.

Kumbe kilichoongezwa ni dozi ya dawa. Aliyeokoa mambo ni infirmie, yaani nesi, wa zamu ya usiku, aliyeona kisigino cha kiatu kikichungulia chini ya mto, akamuuliza kwa Kishi, lugha ya Washi wa kwetu, safari ni ya wapi.

Daktari yule si mzungu, wala hakutoka Kinshasa. Ni mtoto wa Bagira, pale pale Bukavu, na akiwa uani anataniana na walinzi kwa Kiswahili kile kile chetu. Ila udaktari aliusoma kwa Kifaransa tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema Kifaransa ndiyo lugha rasmi. Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba ni lugha za taifa, yaani za kuimbia na kununulia nyanya. Kumweleza mama wa sokoni "insuffisance rénale" kunataka kusimama na kufikiri, na foleni haingoji. Nimewahi kumsikia mmoja akijaribu: "Mama, figo zako zimechoka, hazichuji tena." Mgonjwa alielewa papo hapo, hata akauliza zimechoshwa na nini. Sijasikia tafsiri nzuri kuliko ile, hata huku ninakolipwa kutafsiri.

Na sisi wagonjwa tuna sehemu yetu. "Ndiyo docta. Aksanti docta." Kumuuliza munganga mara ya pili tunaona ni kama kumwambia hajui kazi yake. Tukitoka nje ndipo tunaulizana: kasema nini?

Wenzangu wa huku wakisikia habari hizi hucheka na kusema, ndiyo maana tulikimbia. Wamesahau upesi. Mimi mara yangu ya kwanza kuingia kliniki hapa, mwaka 2017, tumbo likiniuma, daktari aliweka simu mezani na mkalimani akajitambulisha kwa namba, kama gari. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kimenyooka kama cha redio. Nikamwambia kwamba kabla ya kusafiri nilienda kwa munganga akanipa dawa. Akatafsiri, na mimi ndani ya Kiingereza chake nikasikia "traditional". Kiingereza sikuwa nacho, lakini Kifaransa cha sekondari kilinitosha kujua kwamba hapa pameharibika. Daktari akaacha kuchapa, akanigeukia: majani gani? Mizizi? Nilikunywa au nilijipaka? Dakika kumi nzima tulimsaka mganga wa kienyeji ambaye hakuwahi kuzaliwa. Aliyenitibu alikuwa daktari, na diploma yake imening'inia ukutani.

Simlaumu yule mkalimani. Kwetu munganga ni daktari; kwake mganga ana kibuyu, ingawa hata Tanzania serikali ina Mganga Mkuu wa Mkoa na hakuna anayemdhania kibuyu.

Baadaye nami nilisoma kozi ya ukalimani wa hospitali, saa 40. Mwalimu alitusimulia kisa cha kijana wa miaka 18 aliyefikishwa hospitalini Florida mwaka 1980 akiwa hana fahamu. Familia ilisema kwa Kihispania kwamba yuko "intoxicado", maana yake kwao kuna kitu alichokula kimemdhuru. Waliompokea wakaelewa amezidisha dawa za kulevya, wakamtibu hivyo, na muda wote damu ilikuwa ikivuja kichwani. Alipooza mikono na miguu. Fidia ilifika dola milioni 71 hivi. Darasa zima lilinyamaza. Mimi nilimkumbuka munganga wangu.

Sheria za huku ni nzuri, lazima niseme. Sheria ya haki za raia ya 1964 na ile ya afya ya 2010 zinailazimu hospitali inayopokea fedha za serikali kuu impe mgonjwa mkalimani bila malipo, na kanuni za 2016 zilikataza kumtumia mtoto kutafsiri isipokuwa kwa dharura. Hata hivyo bado ninakuta mvulana amekaa katikati, anaambiwa habari za kizazi cha mama yake, anatazama viatu vyake. Nikiingia mimi anatoka mbio. Halafu mimi, mwanaume mwenye ndevu, ninaanza kusema "mimba yangu ina miezi saba", kwa kuwa mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mgonjwa.

Kuna jambo moja ambalo bado ninaona Bukavu wanalijua kuliko huku. Habari mbaya kwetu hupitia kwenye korido: munganga humwita mtoto mkubwa pembeni, familia inakaa, inatafuta saa na mtu wa kusema. Huku daktari alimtazama mzee mmoja wa kwetu usoni akasema ni kanseri, na sauti iliyoitoa kwa Kiswahili ilikuwa yangu. Mzee aliuliza, "Watoto wanajua?" Nikalitafsiri hilo pia. Wanawe hawajanisamehe mpaka leo, nami sijui ningewajibu nini. Ninajua sheria ya usiri. Ninajua pia kwamba yule mzee alirudi nyumbani kwa basi, peke yake.

Ila kama ningeweza kubeba kitu kimoja kutoka huku hadi Kadutu, nisingebeba mashine wala simu za ukalimani. Ningebeba swali la nesi mmoja. Wiki yangu ya kwanza kazini daktari alisema dawa inywewe saa 8 asubuhi, kwa hesabu yao. Mimi nilijua kabisa kwamba hiyo ni saa mbili yetu, lakini ulimi uliteleza nikasema saa nane. Mama mmoja wa Uvira akaitikia "ndiyo, aksanti". Yangekwisha hapo. Lakini nesi hakusema "umeelewa?" Alisema, "Niambie kwa maneno yako, kesho utainywa vipi?" Mama akajibu: nikimaliza kula mchana, saa nane. Nilirekebisha huku masikio yakiniwaka moto.

Swali lile halina bei. Halihitaji umeme, na Bukavu umeme tunaujua. Infirmie yule wa usiku alikuwa nalo tayari kwa namna yake. Hasemi Kifaransa kitandani, anauliza unakwenda wapi na anangoja jibu. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 na kufika mpaka Goma, kulikuwa na timu zilizoingia Beni na Butembo na Kifaransa na Kilingala. Kule Kilingala ni lugha ya kambi za jeshi. Watu walisikia buti kabla ya kusikia dawa. Hakuna swali la nesi litakalosaidia kama mgonjwa ameshakuogopa kwa lugha uliyoingia nayo mlangoni.

Juzi Jumapili nilimpigia Mama. Ametoka hospitalini, yuko nyumbani, amekwenda kuonana na daktari mara ya pili. Nikaamua kumjaribu kama yule nesi.

"Mama, munganga alikuambia nini?"

"Nipunguze chumvi."

"Na dawa, utakunywa namna gani?"

"Ile aliandika."