Piriton na amitriptyline: usingizi ni sehemu ndogo tu

Makala moja kuhusu kutumia Piriton (dawa ya mzio) pamoja na amitriptyline (dawa ya sonona) imetaja usingizi pekee, kana kwamba ukilala mapema mambo yameisha. Piriton (chlorpheniramine 4 mg) na amitriptyline zote mbili huzuia asetilikolini (kemikali inayobeba ujumbe wa neva), hivyo athari zinajumlishana: kinywa kukauka, choo kigumu, ukungu machoni, mkojo kugoma kutoka. Mzee mwenye tezi dume anaweza kuishia kuwekewa mpira wa mkojo, na wazee wengine huchanganyikiwa, ndugu wakadhani ni malaria imepanda kichwani.

Na wengi wanaomeza amitriptyline hawajui kwamba ni dawa ya sonona, maana waliandikiwa 25 mg usiku kwa ajili ya ganzi na maumivu ya neva. Mfamasia akiuliza "unatumia dawa ya sonona?" wanajibu hapana. Mpe mfamasia pakiti aisome mwenyewe. Dawa nyingi za mafua nazo zina chlorpheniramine ndani.

Kwa mzio wa kawaida, loratadine 10 mg mara moja kwa siku ni afadhali zaidi. Hydroxyzine, dawa nyingine ya mzio, usiichanganye na citalopram wala escitalopram, ambazo ni dawa za sonona: zote huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ila usiache dawa ya sonona ghafla kwa sababu ya chafya.